Unakimbilia Wapi, Papa Kalenga?

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wa 1978. Mujinga alikuwa uani kwake, Kalemie, anamenya mihogo ya kuloweka. Mihogo ikikaa majini siku chache inalainika. Kisha inaanikwa, inatwangwa, inakuwa unga wa bukari, ugali wa kwao. Ni kazi isiyotaka haraka, na Mujinga aliipenda kwa hilo.

Mara akamwona mume wake, Kalenga, anapanda kutoka ufukoni mikono mitupu. Mvuvi mzima, hata samaki wa mboga hana! Alikuwa amebeba habari tu. Vita vimeingia mkoa wetu wa Shaba, akasema. Waasi wameshika mji wa Kolwezi. Redio ya bandarini imesema Wakubani ndio waliowaleta. Basi hao Wakubani watatokea ziwani, kama walivyofanya mwaka wa 65. Rafiki yake Nicolas ana mtumbwi mkubwa wenye motere, injini ya nyuma. Kesho asubuhi anavusha familia yake Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na amewawekea nafasi.

«Acha mihogo,» Kalenga akasema. «Funga vitu vya watoto.»

Mujinga akaweka kisu chini. Vita alikuwa anaviogopa, nani haviogopi? Lakini ziwa aliliogopa zaidi. Mwaka wa 64, waasi walipoingia mjini, baba yake aliwapakia hivyo hivyo kwenye mtumbwi. Ulikuwa wakati wa kusi, ule upepo mkali wa kiangazi unaotoka kusini, upande wa Moba. Katikati ya ziwa wimbi lilimchukua mdogo wake Barnabé kutoka mikononi mwa mama yao. Hawakumwona tena.

Familia ya Kalenga nayo ilivuka mwaka ule, na ilifika salama. Tangu hapo, kwao ikawa ni desturi: vita vikisikika, watu wanavuka. Kumbe aliyevuka salama mara moja anadhani ziwa ni ndugu yake.

Mujinga hakubishana. Alipangusa mikono, akaenda kwa jirani yao, Mama Émérence, mwalimu wa historia. Siku zile serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Lakini mtaani, nani angemwita vingine? Mujinga akamweleza yote. Mama Émérence akachukua redio yake ndogo, akamfuata.

Walimkuta Kalenga anakunja mikeka. Mwalimu akamsalimu, akauliza habari za watoto, akaketi. Hakumcheka. Alitaka kujua kwanza redio ilisema nini hasa.

«Ilisema Kolwezi,» Kalenga akajibu.

«Na ya ziwa, nani aliyasema?»

Kalenga akafikiri. Redio haikutaja ziwa. Watu wa bandarini ndio walioongeza.

Mama Émérence akafungua redio yake. Akamweleza kwamba kila taifa kubwa lina redio yake, na kila redio inavutia kwake: Waamerika huku, Warusi na rafiki zao Wakubani kule. Redio moja inasema Wakubani wamewaleta waasi. Nyingine inasema Wakubani hawamo kabisa. Basi msikilizaji asishike moja tu. Asikilize mbili, tatu, na kila mara aulize: nani anasema? Ameona nini? Wapi? Siku ile redio hazikupatana juu ya Wakubani. Zilipatana juu ya jambo moja: vita viko Kolwezi. Na Kolwezi ni kusini kabisa ya Shaba, mbali sana na Kalemie.

«Lakini Waamerika na Warusi wanatutafuta nini siye?» Kalenga akauliza.

«Wanaogopana, Papa. Kila mmoja ana bomu la kumaliza muji muzima. Kwa hiyo hawapigani uso kwa uso. Wanasukumana ndani ya nyumba za wengine.»

Si jambo jipya, akaendelea. Zamani Wabelgiji wa upande huu na Wajerumani wa Kigoma walipigana hapa hapa ziwani, kwa ugomvi ulioanza Ulaya. Babu zetu wakabebeshwa mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Lakini hata wakubwa hawa wana mabalozi, watu wanaotumwa kusema kwa jina la serikali zao. Bunduki zikiwa bado zinalia, mabalozi tayari wanazungumza.

Kalenga akainamisha kichwa. Bado moyo wake ulikuwa haujatulia. Ndipo mwalimu akauliza taratibu:

«Papa Kalenga, Wakubani wa mwaka wa 65 walivuka kutoka upande gani?»

«Kigoma.»

«Na wewe kesho unakimbilia wapi?»

Kalenga akaacha kukunja. Akatazama mkeka mikononi mwake kama hajui umefikaje pale. Kisha akauweka chini, akashuka mbio bandarini.

Nicolas aligoma kwanza. Mashuka na masufuria yalikuwa yamekwisha pakiwa. Kalenga naye akamuuliza swali lile lile, na Nicolas akaanza kufungua kamba za mizigo. Jioni ile mizigo ikashushwa.

Kesho yake, kabla ya saa sita, kusi ikaanza. Ziwa likawa jeupe kwa povu. Mitumbwi iliyofungwa ufukoni iligongana kutwa nzima. Mujinga aliwaweka watoto ndani, wote karibu naye, na kila alipowagusa alimshukuru Mungu.

Vita havikufika Kalemie. Mwaka haukuisha, nchi yao Zaire na jirani yake Angola, walikotoka waasi wale, wakakaa pamoja na kupatana. Siku ya habari hiyo majirani walikuwa kwa Mama Émérence, kama walivyokuwa wamezoea, wanasikiliza redio moja baada ya nyingine. Kalenga ndiye aliyekuwa anabishana na redio kuliko wote. «Huyu ni nani? Ameona wapi?»

Watu wakacheka. Mujinga peke yake alilia, na mume wake akamuuliza ana nini.

«Mwaka wa 64 vita vilikuwa vya kweli,» akasema. «Lakini hakukuwa na muntu wa kumuuliza baba: na kusi je? Barnabé angekuwa mwanaume mukubwa leo.»

Kalenga akazima redio, akamshika mkono.