Taa Nyekundu za Mama Komba

Mti uliwaangukia bila kubisha hodi. Ulisikika mlio kama wa shuka kuukuu linalochanika, kisha hema likalala chini pamoja na sufuria, viti na daftari la hesabu ya komba. Fundi akajikuta kifudifudi kwenye matope, tawi limembana paja la kushoto.

"Shemeji!" alipiga kelele. "Uko wapi?"

"Niko hapa! Washa taa nyekundu tu!"

Hebu fikiria. Mtu kaangukiwa na mti, mvua inamwagika kama imetumwa, na la kwanza kumjia kichwani ni rangi ya taa! Lakini ndivyo alivyokuwa huyu mama. Kwa miaka kumi na mmoja alihesabu komba katika msitu ule, mpaka wenzake ofisini wakambandika jina la Mama Komba, naye wala hakununa. Alikuwa na hoja yake. Komba ana macho makubwa yaliyozoea giza; ukimmulika kwa taa nyeupe, anabaki haoni kitu kwa muda, anaacha kula, wakati mwingine anakosa tawi akiruka. Taa nyekundu haimsumbui.

Kwa hiyo tochi zote za kambini alizifunika kwa nailoni nyekundu. Na kwa kuwa aliwahi kumfumania msaidizi wake akiivua ili atafute soksi, aliibandika kwa gundi ya mafundi viatu. Simu nazo zilibaki garini, kando ya barabara, kilomita sita kutoka kambini. Fundi alipojaribu kuingia na yake mfukoni, alipewa methali. "Asiyesikia la mkuu," alianza Mama Komba, na Fundi akairudisha simu garini kabla methali haijafika mwisho.

Masikini, Fundi hata hakuwa mtu wa komba. Alikuwa fundi wa majokofu, mdogo wa mume wa huyu mama, na alikuja kushika nafasi ya msaidizi aliyekwenda likizo. Kaka yake aliwasindikiza hadi mlangoni. Alicheka nao, akawatania, kisha akamgeukia mke wake na kicheko kikamtoka usoni. "Sina mdogo mwingine," alimwambia. "Nirudishie mzima."

Sasa mdogo mwenyewe alikuwa chini ya tawi.

Mama Komba alilichomeka gongo la hema chini ya tawi, akalikalia, tawi likainuka kidogo, Fundi akajiburuta akatoka. Akammulika. Katika ule mwanga mwekundu suruali ya kaki ilikuwa imelowa toka kiunoni hadi miguuni, lakini hata yake yeye ililowa hivyo hivyo.

"Umevunjika?"

"Hapana. Nimechubuka tu. Mguu umekufa ganzi."

"Simama nikuone."

Alisimama. Basi, wakaona ni heri. Isitoshe hapakuwa na nafasi ya kuchunguzana, maana kambi ilikuwa bondeni na kijito kilikuwa kimeshaacha njia yake. Maji yalikuwa vifundoni. Walipomaliza kukusanya chupa moja ya maji, kisu, turubai, kamba za hema, darubini na ramani, yalikuwa magotini, na vile viti viwili vikawapita vikielea kwa raha zao.

Walipanda mteremko kwa mikono na miguu. Juu, chini ya mti mnene, Mama Komba alifungua ramani.

Ramani ile aliichora mwenyewe na aliionea fahari. Karatasi nyeupe ndani ya plastiki: vijito kwa kalamu ya bluu, vilima kwa penseli, njia kwa kalamu nyekundu, maana nyekundu huonekana vizuri mchana. Usiku hakuwahi kuihitaji. Huingia msituni mchana, hukaa mahali pamoja usiku kucha, hutoka mchana.

Akamulika. Vijito vilikuwepo, vyeusi. Vilima vilikuwepo. Njia hakuna. Hata moja!

"Mvua imefuta njia," alisema.

Fundi akainama kutazama. "Imefuta njia, ikaacha vijito?"

"Wino wa bei rahisi."

"Na hii plastiki ni ya nini sasa?"

"Shemeji, tembea."

Wakatembea. Alijua kilima kiko kulia na barabara iko nyuma ya kilima, ndivyo alivyojiambia. Lakini kulia kwako inategemea umegeukia wapi, na yeye alishageuka mara tatu kukwepa magogo. Mwanga mwekundu ulifika hatua tano tu mbele, ukaishia kwenye giza. Majani yote yalikuwa meusi. Mizizi, mawe na mashimo vilikuwa rangi moja. Walivuka kijito, baadaye wakavuka kijito kingine, au pengine kilikuwa kilekile. Kila alipofungua ramani aliona vijito vimejaa kila mahali kama mishipa ya jani, na hakuna mahali pa kukanyaga.

Nyuma yake Fundi alikuwa na mashaka yake mwenyewe.

"Shemeji," aliita, "mvua ya huku ina joto?"

"Joto gani? Mimi natetemeka hapa."

"Basi, hamna kitu."

Joto lilikuwepo. Lilikuwa likimshuka taratibu ndani ya suruali, toka pajani hadi kwenye kiatu. Paja lenyewe halikuuma sana. Lilikuwa zito tu, kama si lake. Alipeleka mkono akagusa, akajimulika kiganja kwa tochi yake. Kilikuwa kimelowa maji, basi. Akawaza kitu gani cha moto kinaweza kumtoka mtu aliyeangukiwa na mti, na jibu alilolipata lilimchoma kwa aibu. Mwanamume mzima, baba wa watoto wawili! Tena mbele ya mke wa kaka yake!

"Tangulia tu, shemeji," alisema. "Mimi nitakuwa nyuma. Na usinimulike, unaniumiza macho."

Naye akatangulia. Ningekuwepo ningemzaba kibao huyo Fundi, lakini nani hajawahi kuficha jambo kwa aibu?

Baada ya muda akaomba maji. Akapewa. Akaomba tena. Mama Komba aliitikisa chupa karibu na sikio, akakunja uso.

"Umekunywa nusu chupa na mvua inakunyeshea. Una nini?"

"Kiu."

"Hiyo ni hofu. Hofu inakausha mdomo. Jikaze, mwoga wee!"

"Sawa," alisema Fundi. Alianza kuyumba, akashika mti, akajaribu kucheka. "Naona nimelewa kama komba wako."

"Komba hawalewi. Watu wanawasingizia."

Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya woga. Kumi na mmoja, miaka kumi na mmoja! Aliujua msitu huu kuliko jikoni kwake, na sasa hakujua aelekee wapi. Alitaka kulia. Badala yake akaongeza mwendo, akimsema shemeji yake juu ya viatu vyake, uzito wake, na tabia yake ya kuburuta miguu. Alisema mengi kabla hajagundua kwamba hajibiwi.

"Shemeji?"

Mvua tu.

Alirudi mbio. Alimkuta hatua thelathini nyuma, ameketi kwenye mzizi, kichwa kimelalia kifua, anaongea na mtu asiyekuwepo.

"Gesi inavuja," Fundi alikuwa akisema, kwa sauti ya upole anayowasemea wateja. "Nimewaambia. Kuna mahali inavuja, ila sipaoni. Msilifunge kwanza."

"Fundi. Nitazame. Mimi nani?"

"Jokofu limepoa, mama. Limepoa lote."

Alimgusa shavu. Ngozi ilikuwa ya baridi, tena yenye unyevu usio wa mvua. Alipitisha mkono chini ya mapaja amwinue, mkono ukateleza, akaurudisha. Vidole vilinatana. Alivitenganisha, vikanatana tena. Maji ya mvua hayanatani.

Akaumulika mkono. Katika mwanga mwekundu kiganja kilionekana safi, kama cha mtu aliyetoka kunawa. Alikitazama, hakuelewa. Kisha akafanya ambacho asingefanya siku nyingine yoyote: alikilamba. Chumvi. Na ile ladha ya msumari ambayo kila mtoto aliyewahi kung'oka jino anaijua.

"Mungu wangu," alisema. "Damu. Ni damu! Taa hii haioneshi damu!"

Alikamata kisu akaishambulia tochi. Gundi ya mafundi viatu haina mchezo. Aliinunua mwenyewe kwa sababu hiyo. Kisu kikateleza kikamkata kidole gumba. Akakitupa chini kisu, akaing'ata ile nailoni pembeni, akavuta kwa meno mpaka ufizi ukauma. Ikachanika kipande. Akang'ata tena. Mwanga mweupe ukatoka, mkali, wa ghafla, ukamfanya afumbe macho. Alipoyafumbua, suruali ya kaki ilikuwa nyekundu toka pajani hadi chini. Mzizi alioukalia Fundi ulikuwa mwekundu. Na kwenye matope, kuelekea walikotoka, madimbwi madogo mekundu yalifuatana kama mtu kamwaga rangi.

Alikuwa amemmulika kule kambini. Alikuwa amemwona.

Mikono yake ikajua la kufanya kabla ya akili. Alichana suruali. Palikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole, umeingia ndani, unachuruzika taratibu bila kukoma. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja, akakigandamiza pale kwa goti na uzito wake wote. Fundi akapiga ukelele wa kutisha.

"Piga kelele," alimwambia huku machozi yanamtoka. "Piga, nikusikie."

Damu ikazidi kupenya kitambaa. Akachukua mkanda wa darubini, akaufunga juu ya kidonda, akapitisha kijiti, akazungusha, akazungusha tena mpaka ile damu ikasita.

"Kwa nini hukuniambia, shemeji? Kwa nini?"

Maumivu yalikuwa yamemrudisha Fundi kidogo. Alimtazama kwa macho mazito. "Nilidhani nimejikojolea," alinong'ona. "Ningekwambiaje?"

Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini. Mama Komba hakucheka. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakibana kifuani.

Ndipo wazo lilipomjia. Kama damu ilipotea katika taa ile, je, wino? Alifungua ramani mbele ya mwanga mweupe. Njia zote zilikuwepo. Hakuna tone la mvua lililogusa karatasi. Zilipita nyekundu, wazi, moja ikivuka kijito mahali penye miamba mitatu, na ile miamba mitatu ilikuwa pale chini, anaiona kwa macho yake. Walikuwa wakitembea sambamba na njia muda wote, hatua arobaini tu juu yake.

Hakuweza kumbeba. Fundi alikuwa mtu wa kujaza mlango. Alimlaza kwenye turubai, akafunga ncha mbili kiunoni mwake kwa kamba za hema, akavuta. Kwenye mteremko turubai lilimsukuma. Kwenye mwinuko alitambaa kwa magoti. Kila baada ya hatua hamsini alisimama, akakagua kijiti, akamuuliza Fundi kitu ili amsikie.

"Jokofu likivuja gesi unafanyaje?"

"Unatafuta… tundu."

"Ukishalipata?"

"Unaziba. Unajaza upya."

"Haya. Tunakwenda kujaza upya. Usilale."

Nailoni iliyobaki pembeni mwa tochi ilipepea, na mahali fulani juu yao komba alilia kwa kushtuka, mwanga ule mweupe ulimpiga macho bila shaka. Mama Komba alimsikia. Hakuizima tochi.

Anga lilikuwa limeanza kupauka aliposikia changarawe chini ya magoti yake. Gari lilikuwa palepale. Alimwingiza Fundi kiti cha nyuma kwa namna ambayo baadaye hakuweza kuieleza, akaendesha akiwa amekenua meno, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma, umeshika ule mkono wa baridi.

Hospitalini madaktari walimshona, wakamwongezea damu, wakasema mguu utapona ila vidole viwili huenda visipate hisia tena. Tabibu mzee alinawa mikono akitikisa kichwa. "Mficha uchi hazai," alimwambia mgonjwa. "Ungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine."

Saa sita mchana kaka mtu alifika, hana hata kofia. Alimkumbatia mdogo wake, akamgeukia mke wake, akaona magoti yaliyochunika na midomo iliyovimba, akaanza kulia. "Umemwokoa," alisema. "Mke wangu, umemwokoa. Nitakulipa nini?"

Wauguzi wawili waliokuwa wakipita walisimama wakapiga makofi. Ilikuwa rahisi kwa Mama Komba kunyamaza. Alikuwa amechoka mno, na sifa ni tamu kwa mtu aliyechoka.

"Sikiliza," alisema. "Mimi ndiye niliyezifunga zile taa. Nilimmulika akivuja damu, nikaona maji. Akaomba maji ya kunywa, nikamwita mwoga. Alikuwa anakufa nyuma yangu na mimi namsema viatu."

Mume wake alimtazama mdogo wake kana kwamba yeye ndiye atakayeamua.

Fundi aliweka mkono machoni. "Kaka, na mimi nilijificha," alisema. "Mwache."

Mama Komba akavuta kiti mpaka kikagusa kitanda. Akauliza swali ambalo tangu saa ya kwanza hakuliuliza hata mara moja.

"Shemeji, unaumwa wapi?"

Fundi alianza kusema hamna kitu. Midomo ilishajipanga kwa utani. Kisha utani ukamwisha, akamwambia: hapa pajani panawaka, mgongo, na huku kifuani kuna kitu kizito, na nimeogopa, shemeji, niliogopa sana. Alieleza kwa muda mrefu, analia waziwazi, mtu mzima yule. Naye akasikiliza yote mpaka mwisho.