Zipu Hawashuki Daraja

Wajukuu zangu, sogeeni karibu niwatege. Nina macho manne wala sioni. Kazi yangu kufunga mlango wa nyumba inayotembea. Mimi ni nani?

Fikirini. Wewe huko nyuma, usimtazame mwenzako, jibu halijaandikwa kwenye paji la uso wake. Mmeshindwa? Haya, mji sitaki, niende nao wapi na magoti haya. Jibu ni kifungo. Matundu yake ndiyo macho, na nyumba inayotembea ni shati ulilovaa. Kishikeni hicho kifungo vizuri, maana hadithi yenyewe imeshonwa kwa vifungo.

Palikuwa na msichana wa darasa la sita ambaye mtaa mzima ulimwita Rais. Hakuwa na gari wala walinzi. Alikuwa na kopo. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kila siku akitoka shule msichana yule alivua sare, akafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, akaokota pini kwa sumaku, kisha akachambua vifungo. Vilivyotimia seti vilirudi kwenye droo. Vilivyobaki kimoja kimoja, ambavyo huwezi kumshonea mteja, viliingia kwenye kopo lake. Humo ndimo ilimozaliwa Ligi ya Vifungo.

Ligi ilikuwa na timu nane za daraja la kwanza, na majina yake yote yalitoka mle dukani: Sindano, Mkasi, Tepu, Pindo, Kola, Mfuko, Uzi na Zipu. Jumapili wateja hawaji, kwa hiyo meza ya kukatia nguo iligeuka uwanja. Rais alichora mistari kwa chaki ya mama yake, akapanga vifungo kumi na kimoja huku na kumi na kimoja kule, akarusha dadu. Dadu ndilo lililoamua nani kapokonywa mpira, nani kacheza rafu, nani kafunga. Timu iliyoshika mkia msimu ukiisha ilishuka daraja, na huko kushuka kulikuwa kushuka kweli: daraja la pili lilichezewa sakafuni, chini ya meza, kwenye vumbi na nyuzi.

Sheria za dadu zilijulikana na kila mtoto. Likidondoka chini, hurushwa upya. Likisimama huku limeegemea kitu, hurushwa upya. Likilala sawasawa mezani, limekwisha sema, hakuna rufaa.

Matokeo yaliandikwa kwa chaki kwenye mlango wa mbao wa duka, na Jumatatu asubuhi watu waliokuwa wakienda kazini walisimama kuyasoma. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Shabiki mkubwa kuliko wote alikuwa kinyozi wa duka la jirani. Yeye alikuwa Mkasi, ati ni timu ya watu wa kazi yake. Alimpenda mno nahodha wao, kifungo kikubwa cheusi cha koti kilichomeguka ukingoni, jina lake Koti. Mteja akijitikisa kwenye kiti, kinyozi alimwambia, "Tulia ndugu yangu, unayumba kama kipa wa Kola."

Mwanafunzi mwenzake Rais, aliyeitwa Mtangazaji kwa sababu ya sauti yake, naye alikuwa Mkasi. Kusema kweli, mtaa mzima ulikuwa Mkasi. Zipu hawakuwa na shabiki hata mmoja. Wachezaji wao hawakufanana: huyu mwekundu, yule wa kijani, mwingine kifungo cha gauni la mtoto chenye umbo la ua.

"Timu gani hiyo," Mtangazaji alikuwa akisema. "Inaingia uwanjani kama imekimbia moto."

Basi ikafika Jumapili ya mwisho ya msimu. Mkasi walikuwa wanacheza na Sindano. Wakipoteza, wanakwenda sakafuni. Wakipata hata sare, Zipu ndio wanaokwenda sakafuni badala yao. Siku hiyo mvua ilinyesha ya kufunga watu majumbani, hakuna aliyekuja kutazama. Mama alikuwa chumba cha nyuma anapumzisha mgongo. Rais alicheza peke yake.

Sindano walikuwa wanaongoza mawili kwa moja. Mchezo ulipokuwa unakwisha, Mkasi wakapata penalti. Koti akawekwa mbele ya mpira. Kwa penalti, dadu likionyesha moja au mbili, kipa amedaka. Likionyesha zaidi ya hapo, ni bao.

Rais alirusha. Dadu likabiringika, likapita katikati ya uwanja, likalala. Mbili.

Lilikuwa limelala sawasawa kabisa. Kando yake, karibu upana wa kiganja, kilikuwepo kipande cha chaki. Rais alilitazama dadu, akakitazama kipande cha chaki. Akamwona kinyozi akipita kesho asubuhi na uso umemshuka. Kisha kidole chake kikakisukuma kile kipande polepole mpaka kikaligusa dadu.

"Limeegemea chaki," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Akarusha upya. Tano. Mkasi mawili, Sindano mawili.

Jumatatu mtaa ulifurahi kama watu waliotoka msibani wakakuta marehemu amekaa anakunywa chai. Kinyozi aliyasoma matokeo mlangoni, akatupa taulo begani, akacheza pale pale barazani, kiuno huku, kiuno kule, na mteja wake akatoka nje na povu kidevuni kumtazama. "Koti huyo," kinyozi alisema. "Wazee hatuzeeki, tunakomaa."

Jioni ilibaki kazi moja ya kufunga msimu. Rais alitoa vifungo vya Zipu kwenye sanduku la daraja la kwanza ili aviweke kwenye kopo la sakafuni. Alichukua chekundu, akachukua cha kijani. Alipofika kwa kile chenye umbo la ua, mkono ukamgoma. Hawa hawakukosa penalti. Hawa hawakufanya lolote. Wanashushwa kwa sababu hakuna wa kuwalilia. Akavirudisha vyote sandukuni, akakaa juu ya kigoda muda mrefu.

Jumanne, kabla ya kwenda shule, alifuta mlango kwa kitambaa kibichi, akaandika kwa herufi kubwa: SINDANO 2, MKASI 1. PENALTI ILIDAKWA. DADU HALIKUEGEMEA KITU, NILISOGEZA CHAKI MIMI. KOSA NI LA RAIS, NISAMEHENI. ZIPU HAWASHUKI.

Ah, wajukuu, mtaa uliwaka. Aliporudi mchana alikuta watoto wamejazana mlangoni, Mtangazaji mbele yao.

"Rudisha sare," Mtangazaji alisema.

"Sirudishi."

"Kila mtu ameshafurahi. Unatunyang'anya furaha mdomoni?"

"Niliwapa kitu cha wizi. Mwenyewe amekuja kukichukua."

"Mwenyewe nani? Zipu? Zipu hawana hata shabiki mmoja."

"Ndiyo maana niliweza kuwaonea," Rais alisema. "Wangekuwa na shabiki mmoja tu, ningeogopa. Vifungo havina mdomo, mimi ndiye mdomo wao. Sirudishi."

"Basi hatuji tena. Cheza na kuta."

"Nitacheza na kuta."

Wakaondoka. Ndipo kinyozi alipotoka dukani kwake, kitana bado mkononi.

"Binti, hebu njoo," alisema. "Hiyo chaki, nani alikuona ukiisogeza?"

"Hakuna, mjomba."

"Mama yako?"

"Alikuwa amelala."

"Basi funika kombe. Msimu ujao chezesha haki, huu umeshapita. Unajua kijiweni kwangu wananiitaje tangu asubuhi? Baba Sakafu. Mtu mzima mimi."

"Pole, mjomba. Lakini Mkasi wameshuka."

"Hata nikikuomba?"

Kinyozi yule ndiye aliyemnyoa Rais tangu utotoni, ndiye aliyempa kiti akisubiri mama yake. Lakini hakurudi nyuma hata unyayo.

"Na mimi nikuulize, mjomba," alisema. "Jana ulicheza hapa barazani. Kama ungejua nimeisogeza chaki, ungecheza?"

Kinyozi akageuka akaingia dukani, na mashine ya kunyolea ikasikika ikinguruma kwa hasira juu ya kichwa cha mtu asiye na hatia.

Mama alikuwa ameyasikia yote kutoka kwenye cherehani. Aliinua mguu kwenye pedali.

"Mwanangu, yule ni jirani. Tunaazimana kila kitu. Futa maneno yale, andika wanachotaka, tuishi kwa amani. Ni vifungo tu."

"Mama, naomba nikukumbushe kitu, na usione nakukosea adabu."

"Sema. Ukinikosea nitakwambia, mdomo ninao."

"Juzi ulifumua bitana la lile koti la mwalimu. Ulikuwa umeshamaliza, umeshapiga pasi. Nikakuuliza kuna nini, ukasema mshono mmoja umekwenda upande. Ndani ya bitana, mama. Nani angeuona?"

Mama aliokota uzi kwenye goti lake, akauviringisha vidoleni.

"Umejifunzia wapi kunijibu hivyo?" aliuliza hatimaye.

"Hapo ulipokaa."

Mama akajaribu kununa, ikamshinda, cheko likamtoka puani. "Haya. Usifute. Na wakija kupiga kelele mlangoni, niite. Nitatoka na rula."

Jumapili iliyofuata msimu mpya ulifunguliwa. Hakuja mtu. Rais alifungua mlango wote wazi, makusudi, kila apitaye aone. Akasoma mechi ya kwanza ya ratiba kwa sauti, kana kwamba uwanja umejaa: daraja la kwanza, Zipu na Kola. Zipu wakafungwa matatu. Akaandika matatu, hakupunguza. Kisha akapiga magoti, akaingia chini ya meza na chaki yake, akachora uwanja wa sakafuni, akampanga Koti na wenzake katikati ya vumbi. Kila aliporusha dadu alitangaza namba yake kwa nguvu, barabara tupu imsikie. Na chaki, safari hii, aliitia mfukoni kwanza.

"Unatangaza vibaya," sauti ilisema mlangoni. Alikuwa Mtangazaji, amejiegemeza kwenye mwimo kama mtu aliyepita tu kwa bahati.

"Fundisha basi."

"Sijaja kukusamehe."

"Sijakuomba msamaha wa kushusha Mkasi. Nimekuomba msamaha wa kusogeza chaki. Umesoma mlangoni."

Mtangazaji alikuna shingo. "Zipu wamefungwa ngapi?"

"Matatu."

"Matatu." Alitikisa kichwa. "Timu imegombanisha mtaa mzima halafu inafungwa matatu. Mimi nahamia Zipu. Hawa wanahitaji mtu wa kuwasema." Akavua viatu, akaingia.

Jumapili ya pili walikuja watoto wawili, kisha wanne, kwanza kwa kuzunguka zunguka nje wakijifanya wanatafuta mpira, baadaye kwa kuinama kabisa chini ya meza. Mtu akianza kunong'ona kuhusu ile penalti, Rais alijibu palepale, "Ndiyo, nilidanganya. Mlango umesema. Sasa tazama dadu." Nao walilitazama kweli, macho kwenye dadu kuliko zamani, na kila lilipolala hapakuwa na ubishi tena, kwa kuwa walijua huyu Rais atawaambia hata lile linalomuumiza.

Jumapili ya tatu mlango ulitiwa giza na mwili mpana. Kinyozi. Alisimama akitazama makalio ya watoto yaliyojipanga kuzunguka meza.

"Mkasi wanacheza saa hizi?" aliuliza, sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

"Wako sakafuni, mjomba," Rais alisema kutoka chini. "Ukitaka kuwaona, upige magoti."

Mama alisimamisha mkono juu ya ndoo ya vitambaa, akingoja. Kinyozi akakunja suruali, akapiga goti la kwanza, akalalamika kidogo, akapiga la pili, akaingiza kichwa chini ya meza. Akamwona Koti amesimama kwenye vumbi mbele ya goli la vijiti viwili.

"Amechafuka," alisema.

"Uwanja ndio huu. Ila wanaongoza moja. Na hii ni penalti yao."

Akarusha. Dadu likagonga mguu wa meza, likazunguka, likalala peke yake katikati ya sakafu, mbali na kila kitu. Moja. Kipa amedaka.

Kinyozi alivuta pumzi ndefu, na kila mtoto akavuta pamoja naye. Alilichunguza dadu upande huu na upande ule, akapitisha kidole kuhakikisha halikugusa kitu. Halikugusa.

"Amedaka," alisema mwenyewe. "Andika amedaka." Halafu, bado kichwa kiko chini ya meza, aliwatazama wale watoto mmoja mmoja. "Nisikilizeni, nyinyi. Mtu akikosea akanyamaza, anapoteza kitu kimoja, kuaminiwa. Akikosea akasema, hata mkimzomea, kesho mtakaa naye chini ya meza moja na mtamwamini akiwaambia dadu limesema nini. Mimi nimenyoa vichwa vingi kuliko miaka yenu mkijumlisha, na watu wa hivyo nimewaona wachache."

Mtangazaji mwenyewe alisahau kutangaza.

Kinyozi akamgeukia Rais.

"Uliniuliza kitu pale barazani, nikakupa mgongo," alisema. "Nisingecheza, binti. Hata mguu mmoja nisingeinua."