Vifaranga Wanalia, Brigita

Mtaani Maisaka kunapambazuka na majogoo. Huitana kutoka ua hadi ua kabla pikipiki hazijawashwa. Nyumbani kwa Mama Brigita huitika wengi zaidi, kwa sababu nyumba ile ina kuku wengi kuliko watu.

Kuku wale ni wa Brigita. Ana miaka kumi na tisa. Alipomaliza kidato cha nne alitangaza nyumbani, "Mimi nitafuga," wala hakuna aliyembishia. Brigita akisema jambo, ujue amekwisha kulipanga. Mama yake, Bernadina, ambaye huuza mboga sokoni, alitoa kuni zake kwenye banda la nyuma akampa binti yake lile banda.

Asubuhi Brigita alikuwa na kibarua cha kufunga unga kwenye mashine ya kusaga, karibu na barabara. Mashine ikinguruma, watu pale huongea kwa mikono. Leonsi, kijana anayeiendesha, alishazoea kupaza sauti. Hata akienda dukani kununua vocha, mtaa mzima unajua amenunua ya mtandao gani.

Brigita alikuwa na dawa yake ya kelele. Alivaa hedifoni ndogo za masikioni, zile zisizo na waya, akapandisha muziki mpaka ukaishinda mashine. Simu ilimwonya kwa maandishi kwamba sauti ni kubwa mno. Alibonyeza "sawa" akaendelea kufunga unga. Jioni alizivaa akipika. Usiku alilala nazo, na hapo alikuwa na sababu. Kukiwa kimya, masikio yake yalitoa mlio mwembamba, kama mbu aliyefungiwa chumbani. Muziki uliufunika ule mlio. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba hajawahi kusikia mtu aliyelazwa kwa ajili ya mlio.

Shida ilijitokeza kwa vifaranga. Kifaranga mdogo hana manyoya ya kumtosha. Hulelewa kwenye bruda, yaani kizimba cha duara chenye joto. Brigita alipata joto kwa chungu cha makaa. Makaa yakipoa, vifaranga hulia kwa sauti nyembamba. Wasiposaidiwa hurundikana kutafuta joto, na walio chini hukosa pumzi.

Kundi la kwanza lilikufa hivyo, mwezi wa sita, baridi ilipokuwa kali. Brigita alikuwa ameketi mlangoni pa banda akipukuchua mahindi. Hedifoni zilikuwa masikioni. Mama aliporudi kutoka sokoni alifungua mlango akakuta kimya.

"Walikuita mpaka wakachoka," mama alisema. "Wewe ulikuwa na wanamuziki wako."

"Nimekosa, mama."

"Kuanzia leo, ukiwa na vifaranga usivae hivyo vitu. Na wakifa tena kwa uzembe, narudisha kuni zangu bandani. Sitasema mara ya pili."

Brigita alikubali. Alipoleta kundi la pili alilishika lile neno. Bandani hakuvaa kitu. Kwenye mashine na kitandani alivaa kama kawaida, maana huko mama hakukataza.

Jumapili moja, asubuhi ya manyunyu, bibi yake alikuja kutoka kijijini Singe. Bibi Katarina ndiye mama mzaa baba. Ana zaidi ya miaka sitini na amelima maharage maisha yake yote. Alikuwa ameshika mzigo wa maharage mabichi. Alipoingia tu getini alisimama.

"Vifaranga wanalia, Brigita."

Brigita alikuwa ameketi pale pale mlangoni pa banda, akimenya viazi. Alisimama kwa adabu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Vifaranga wanalia. Huwasikii?"

"Hawalii, bibi. Wametulia. Karibu ndani upate chai."

Bibi hakuwa na haja ya chai. Aliweka mzigo chini, akampita mjukuu wake na kufungua banda. Makaa yalikuwa majivu meupe. Vifaranga walikuwa wamelundikana upande mmoja. Bibi aliingiza mikono yote miwili akawatawanya. Wachache wa chini walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki aliwafunika kwa kanga yake, na Brigita akakimbia kuleta makaa ya jikoni.

Mama alitoka ndani kwa kishindo. "Ulivaa tena. Brigita, ulivaa tena vile vitu."

"Sijavaa, mama." Brigita alirudisha kilemba chake nyuma ili masikio yaonekane. "Simu iko ndani, inachajiwa. Nenda kaangalie."

Mama alitazama masikio. Hayakuwa na kitu. Akamtazama mama mkwe wake.

"Njoo hapa," bibi alimwambia Brigita kwa upole. "Simama mlangoni. Nawafunua kidogo. Sasa wanalia. Unasikia?"

Brigita alisimama. Aliona midomo ya vifaranga ikifunguka na kufungika. Alisikia lori likipanda barabarani. Alisikia mvua kwenye bati. Vifaranga hakuwasikia. Alipiga hatua moja, kisha nyingine, mpaka alipoinama juu ya kizimba ndipo akapata sauti ndogo, ya mbali.

Aliogopa. Msichana yule hakuogopa mitihani wala mbwa wa jirani, lakini siku ile alimshika bibi yake mkono.

"Bibi, wewe uliwasikia kutoka getini?"

"Magoti yangu ndiyo yamekwisha," alisema bibi. "Masikio bado."

Mama Brigita si mtu wa kukaa na tatizo likapoa. "Ni nta," alisema. "Masikio yamejaa nta. Tutayazibua." Alipasha mafuta ya kula kwenye kijiko. Alimlaza binti yake ubavu kwenye mkeka, bibi akashika kichwa. Kijiko kilikuwa kimekaribia sikio mtu alipobisha hodi.

Alikuwa Mama Jesse, jirani, amefuata mayai. Jina lake ni Zuwena. Ni muuguzi, na kazi yake iko kliniki ya masikio hospitalini. Aliona kijiko, akaona sikio, akasahau mayai.

"Mama Brigita, hayo mafuta ni ya nini?"

"Ya kuzibua masikio. Hasikii vifaranga."

"Yarudishe kwenye sufuria, ukaange nayo vitunguu," alisema Mama Jesse. "Kwenye sikio usimwage kitu ambacho hukuandikiwa. Mafuta ya moto huunguza. Kama ngoma ya sikio ina tundu, unaingiza uchafu ndani. Na njiti usichokonolee. Haya, Brigita, inuka uniambie. Husikii vifaranga, na nini kingine?"

Brigita aliketi. "Nasikia kila kitu, Mama Jesse. Ila siku hizi watu wanaongea kama wana ugali mdomoni. Nasikia sauti, maneno hayaji yote."

"Na usiku kukiwa kimya?"

Brigita alitazama mkeka. Mficha maradhi kilio humfichua, na yeye kilio chake kilikuwa kimeanzia bandani. "Kuna mlio," alisema. "Muda mrefu sasa."

Mama yake aliketi chini kando yake. "Mbona hukusema, mwanangu?"

"Ungenipokonya hedifoni."

"Ningezipokonya, kweli," mama alisema.

Kesho yake walikwenda hospitalini. Daktari alimulika ndani ya masikio yote mawili. Nta ilikuwa kidogo, ile ya kawaida, ambayo hulinda sikio na hutoka yenyewe. Kisha Mama Jesse alimwingiza Brigita kwenye chumba kidogo kisichopitisha kelele. Alimvisha hedifoni kubwa za kupimia.

"Leo hizi zinakupima," alimwambia. "Ukisikia mlio, hata mdogo, bonyeza hapa."

Milio minene ilipokuja, Brigita alibonyeza kwa haraka. Milio ya katikati alibonyeza. Baadaye aliketi kimya, kidole juu ya kitufe, akisubiri. Alidhani mashine imezimwa. Alimtazama Mama Jesse kupitia kioo, akaona mkono wake bado unafanya kazi. Hapo akaelewa kwamba milio ilikuwa inakuja na kupita bila yeye kuisikia. Machozi yalimtoka humo humo chumbani.

Mama Jesse aliwaketisha, mama na binti.

"Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana," alisema. "Huvioni kwa macho. Ndivyo vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Bibi yako analima maharage, sivyo? Ng'ombe wakipita mara moja kwenye maharage machanga, mengi huinuka tena. Wakipita kila siku?"

"Hayainuki," alisema Brigita.

"Basi sauti kubwa ndiyo hao ng'ombe. Wewe umewapitisha asubuhi, jioni na usiku. Sikio halikupata muda wa kuinuka. Na vinywele vinavyopokea sauti nyembamba ndivyo huumia mapema. Ndiyo maana lori unalisikia, mama akikuita unasikia, lakini kifaranga humsikii. Mtu wa namna hii hajijui. Anaona watu ndio wanaongea vibaya."

Mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa nguvu. "Dawa ipo?"

"Ya kuotesha vilivyokufa, hapana. Sitawadanganya. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini vingine vimechoka tu, havijafa. Vikipumzishwa, huenda vikainuka. Na alichobaki nacho ni kingi. Tukilinde hicho."

Brigita alifuta uso. Alipouliza swali lake, sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya Brigita. "Nifanyeje?"

"Kwanza, kulala nazo basi. Sikio nalo lina usiku wake. Kwenye mashine usishindane na kelele kwa kelele nyingine. Vaa vizibo vya kukinga masikio, au vile vifuniko vikubwa wanavyovaa mafundi wa kuchomelea. Pamba haitoshi."

"Na muziki ndiyo mwisho?"

Mama Jesse alicheka. "Mimi mwenyewe nasikiliza taarabu. Kwa sasa yapumzishe. Nikishakupima tena, utasikiliza mahali tulivu. Sauti iwe nusu ya uwezo wa simu, isizidi hapo sana. Muda mfupi, halafu uzivue. Nikikaa karibu nawe nikausikia wimbo wako, umezidisha. Nikikusemesha karibu usinisikie, umezidisha. Simu ikikuonya, jua haina ugomvi na wewe. Na mlio masikioni ukiupata, ujue sikio linaomba msaada. Usilifunike mdomo."

"Na vifaranga?" Brigita aliuliza. Hilo ndilo lililokuwa linamkaa moyoni. Alimgeukia mama yake. "Mama, banda utalichukua?"

Mama alifikiri. "Nilisema wakifa kwa uzembe. Huu sio uzembe. Nilikupigia kelele kwa kosa ambalo si lako lote. Lakini kifaranga hajui tofauti hiyo, mwanangu. Baridi inamuua vile vile."

"Basi nitawatazama," alisema Brigita. "Wakisongamana, wana baridi. Wakikimbia chungu na kuhema, joto limezidi. Wakitawanyika wakila, wako sawa. Sihitaji kungoja walie."

Mama Jesse alimtazama Mama Brigita. "Huyu mtoto umpe banda," alisema.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Brigita alihamisha kigoda chake kutoka mlangoni hadi ndani, kando ya kizimba. Alikata dirisha dogo la waya ukutani, ili hata akiwa uani aone hali ya vifaranga. Kila alipomaliza kazi moja alitazama makaa kabla hajaanza nyingine. Hedifoni alizifungia kwenye kabati la mama kwa hiari yake. Siku za mwanzo, usiku ulikuwa mgumu, maana yule mbu wa masikioni alipiga kelele zote anazojua. Bibi, aliyebaki kukaa nao siku zile, alimshauri awashe redio ya mezani kwa sauti ya chini, mbali na kitanda. Ilisaidia. Polepole mbu akapungua, na kuna usiku aliolala bila kumkumbuka.

Kwenye mashine alianza kuvaa vifuniko vikubwa vya masikio. Leonsi alimcheka. "Umekuwa rubani?" alipaza sauti.

Brigita hakubishana. Jioni alimwalika nyumbani, akamsimamisha mlangoni pa banda na kumwambia afumbe macho. "Unasikia nini?"

"Nasikia redio ya jirani," alisema Leonsi.

Mama Brigita na bibi walitazamana, kwa sababu vifaranga walikuwa wametolewa kwenye joto ili kizimba kisafishwe, nao walikuwa wanalia wote. Leonsi alifumbua macho, akaona midomo yao. Hakucheka tena. Aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo mtaa ule haukujua kwamba anayo, "Hospitalini wanapima siku gani?"

Brigita alipopimwa tena, Mama Jesse aliweka majibu ya zamani na mapya pamoja. Milio michache iliyokuwa imepotea ilikuwa imerudi. Mingine haikurudi. Hakuna kilichoshuka zaidi.

"Ndiyo habari njema yenyewe," alisema Mama Jesse. "Shika hapo hapo."

Kundi la pili lilikua. Watu wa kijiji cha Nakwa walinunua matetea, wa mjini wakanunua majogoo. Mama aliita fundi akajengewa kibanda kingine, kidogo, nyuma ya choo, cha kuwekea kuni zake. Brigita mwenyewe ndiye aliyezipanga humo.

Kisha likaja kundi la tatu, na baridi nyingine, na asubuhi nyingine ya manyunyu. Bibi Katarina alifika getini na mzigo wake wa maharage. Alisimama, akatega sikio.

"Vifaranga wanalia, Brigita."

Mlango wa banda ulikuwa wazi. Ndani, Brigita alikuwa amepiga magoti, makaa mapya tayari kwenye chungu, kichwa ameinamisha karibu kabisa na kizimba, akiwasikiliza.

"Nimeshafika, bibi," alisema.