Diski ya Mwisho Stoo

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani aliyeolewa na mgane. Mumewe alihifadhi rekodi za sauti ya marehemu mkewe kwenye diski tele za kompyuta iliyokuwa stoo, kila moja na nakala yake, na kila jioni alijifungia kuzisikiliza. Rafiki yangu akaona wivu.

Mchana mmoja aliingia stoo kuchukua ufagio. Diski zilikuwa zikikoroma gizani.

"Leo mtanyamaza," akasema, akazifuta moja baada ya nyingine. Ya mwisho akaisikiliza kabla ya kuifuta. Marehemu alikuwa akicheka na mumewe, kicheko kitamu. Ghafla kikakatika.

"Gauni ulilomaliza kushona asubuhi limekupendeza, mke mwenzangu," sauti ikasema taratibu. "Pindo la nyuma tu ndilo limekwenda upande."

Akapapasa nyuma. Lilikuwa limekwenda upande.