Ndiyo, Nimehamia

Saa moja asubuhi, siku ya kuchagua diwani, ilionekana kana kwamba bondeni hakuna mpiga kura hata mmoja.

Watu walikuwepo, tena wa kumwaga. Walijipanga uani mwa shule tangu alfajiri, vitambulisho mkononi, wakitaniana kama wako arusini. Mlango ulipofunguliwa, muuza mkaa aliyekuwa wa kwanza aliweka dole gumba kwenye mashine. Mashine ikaonyesha sura yake, kisha ikaandika kwamba kituo chake ni ng'ambo ya mlima, mwendo wa kutwa kwa miguu.

"Kumbe umeoa huko na hujatuambia!" walimcheka.

Wa pili naye akaambiwa ng'ambo. Wa tatu vilevile. Ilipofika zamu ya mama mjamzito na naye akaambiwa ng'ambo, kicheko kilikatika. Wengine walishika njia hapohapo, watoto mgongoni, wakapanda mlima. Walifika jioni, milango imeshafungwa, wakalala nje ya kituo ambacho hawajawahi kukiona.

Mgombea wao alikuwa Mkunga, mwanamke aliyezalisha nusu ya watoto wa bondeni. Baraza jipya lilikuwa na jambo moja la kuamua kuhusu mtaa ule: wakazi watambuliwe, au nyumba zivunjwe lijengwe egesho la malori. Bila kura za bondeni Mkunga alishindwa vibaya, na Mheshimiwa, yule diwani wa zamani mwenye malori, akarudi kitini akipunga mkono.

Kesho yake kesi ilitupwa mezani kwa Inspekta. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, ambaye wakubwa wake walimpa kesi zile tu wasizotaka ziishe.

"Nenda kawatulize," mkuu wa kituo alimwambia. "Wapige kelele, wachoke, warudi kwao."

"Kwao ndiko kunakotaka kuvunjwa, afande."

"Basi nenda tu."

Alianzia shuleni. Bondeni walikuwa na chumba chao cha kupigia kura, darasa la mwisho karibu na vyoo, na matokeo yalikuwa bado yamebandikwa mlangoni. Mheshimiwa hakupata kitu humo. Mkunga alipata kura tatu. Inspekta alizitazama kwa muda mrefu. Mkunga alijipigia mwenyewe, hilo lilieleweka, maana mgombea hahamishwi na jina lake lilibaki. Fundi viatu naye jina lake lilibaki, na mtaa mzima ulikuwa ukimtukana kwa hilo. Ya tatu ilikuwa ya nani?

Msimamizi wa chumba alipoulizwa alijibu haraka, "Kura ni siri, afande."

"Sijakuuliza alimpigia nani. Nimekuuliza ni nani aliyeingia."

"Leta amri ya mahakama."

Amri ya mahakama ingechukua wiki. Inspekta alikwenda kwa karani wa uandikishaji.

Karani alikuwa kijana nadhifu, ofisi yake imejaa masanduku ya mashine na feni iliyokatika panga moja. Hakuonyesha wasiwasi wowote, na hilo lilimkera Inspekta kuliko uongo wenyewe.

"Kumhamisha mpiga kura si mchezo, afande," alisema. "Lazima aje mwenyewe na kitambulisho, aweke dole gumba, kisha nimuulize kwa mdomo na ajibu kwa mdomo. Mashine inarekodi. Bila sauti yake, jina halisogei."

"Na wote walijibu?"

Karani alibonyeza kitufe. Ikasikika sauti yake ikiuliza, "Umehamia?" Ikajibu sauti ya muuza mkaa, kwa kishindo: "Ndiyo, nimehamia!" Ikafuata ya mwanamke, kisha ya kizee, kisha ya kijana. Wote kwa kishindo, wote kwa maneno yaleyale, kama watoto wanaoitikia darasani.

"Wamehamia wapi? Mbona hukuwauliza wapi?"

"Kanuni inanitaka niulize neno moja. Nimeliuliza."

"Na ng'ambo ilitoka wapi?"

"Alikuja hapa mtu mzima wa bondeni, wa heshima zake. Akaniambia mtaa wote umekubali kupisha malori, niwaandikie ng'ambo. Mimi ni nani nikatae?"

"Anaitwa nani mzee huyo?"

Karani alitabasamu kidogo. "Mtu mzima tu, afande."

Inspekta alitoka akiwa na picha ya mzee kichwani. Bondeni hapakuwa na wazee wengi, na mmoja wao ndiye aliyebaki kwenye daftari la wapiga kura.

Alimkuta fundi viatu ameinama mtaroni, akiokota nyundo na viatu vya watu. Kibanda chake kilikuwa kimepinduliwa, na mbao zake zimekanyagwa hadi zimepasuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kunikamata au umekuja kuniokotea soli?"

"Kwanza nieleze kwa nini jina lako halikuhama."

"Na wewe!" Alinyanyuka, kiatu cha mtoto mkononi. "Tuliambiwa karani anakuja kuhakiki majina. Nikapanga mstari na wenzangu pale mbele ya cherehani ya mshona nguo. Nikaweka dole gumba. Akaniuliza, 'Umehamia?' Nikamwambia sikuhamia mimi, nimezaliwa hapahapa, kitovu changu kimezikwa nyuma ya lile bomba. Akakunja uso, akasema haya, pita."

Ndipo Inspekta alipoona jinsi neno lile lilivyofanya kazi. Mtaa mzima ule ulikuwa wa watu waliotoka kwingine. Kwa miaka mingi maofisa wa baraza waliwaita wapitaji, wakiwauliza kila mara walihamia lini, kana kwamba walifika jana. Kuta zao zilikuwa na maandishi makubwa ya rangi nyekundu: HATUHAMI. Mtu wa bondeni ukimuuliza kama anahama, atakurushia jiwe. Lakini ukimuuliza kama amehamia, atadhani unamuuliza kama kweli ni mkazi wa pale, naye atakujibu kwa fahari zake zote kwamba ndiyo, amehamia. Na mashine ingesikia kitu kingine kabisa: kwamba ameshahamia kwingine.

"Nani aliyewafundisha jibu hilo?" aliuliza.

"Kwangu hakuja mtu. Labda walijua jibu langu halitafaa."

Ilimchukua asubuhi nzima kufuata maneno yale kutoka mdomo hadi mdomo. Muuza mkaa aliambiwa na mkewe. Mkewe aliambiwa bombani na mshona nguo. Mshona nguo hakusita: "Mama yake Mkunga alitupitia nyumba kwa nyumba. Alisema karani akiuliza, tujibu kwa sauti, eti tukinong'ona tutaandikwa wapitaji. Lakini usimfikirie vibaya, naye aliambiwa na huyo mchawi wa viatu."

Kila aliyeongea naye, Inspekta alimtazama kidole kidogo cha kushoto, kile kinachotiwa wino wa kura. Vyote vilikuwa safi. Cha fundi viatu peke yake kilikuwa na alama.

Mama Mkunga, mama mzazi wa mgombea, alimpokea kwa upole. Chumba kilikuwa kimefagiwa, picha ya kijana aliyevaa suti ya kuapishwa imening'inia ukutani. Bibi alimmiminia chai, akakamua limau ndani ya kikombe kwa vidole vyake. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Pole mama. Umejikata?"

"Kisu, mwanangu. Uzee huu."

"Ulipiga kura kabla au baada ya kujikata?"

"Nipige wapi? Hata mimi niligeuzwa mlangoni kama mbwa." Alivuta kitambaa vizuri. "Fundi viatu ndiye aliyenifundisha maneno yale. Mwulize yeye. Mungu anamwona."

Inspekta alikunywa chai yake hadi mwisho. Maji ya limau yalikuwa bado yanachuruzika kwenye kile kitambaa, na bibi hakuwa amekunja hata uso. Zaidi ya hapo, kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha tambara la deki. Katika nyumba ile, ambamo binti hulala na mkasi uliochemshwa chini ya kitanda, nani angefungwa kidonda kwa deki?

Aliaga, akakaa kwenye ngazi ya nyumba ya jirani, akayarudia maneno ya karani kichwani. Mtu mzima wa heshima zake. Karani hakusema mwanamume. Yeye mwenyewe ndiye aliyemvalisha kofia na ndevu.

Saa kumi alasiri Mkunga alirudi kutoka kazini, ananukia sabuni, macho mekundu kwa usingizi. Inspekta aliingia naye.

"Mama yako amejikata kidole," alisema. "Mtazame."

"Umejikata lini, mama? Mbona hukuniambia?"

"Ni kidogo tu. Kitapona."

"Lete mkono."

"Nimesema kitapona!"

Mkunga hakuwa mtu wa kubishana na wagonjwa. Alimkalisha, akaushika mkono, akaanza kufungua kitambaa taratibu kama anavyofungua vitu vyote. Hapakuwa na jeraha. Palikuwa na wino, mweusi, umezama hadi kwenye kucha.

Mkunga aliendelea kukishika kile kidole. "Si ulisema walikugeuza?"

"Mwambie, mama," Inspekta alisema kwa sauti ya chini. "Au nimwambie mimi? Watu walipotawanyika, uwanja ukabaki mtupu, ulikwenda ukapiga kura ya tatu. Jina lako halikuguswa kwa sababu ndiwe uliyekwenda kwa karani. Ukapita nyumba kwa nyumba, ukairuka ya fundi viatu kwa kuwa ulijua amezaliwa hapa. Mambo yalipoharibika ukamtwisha yeye."

Bibi hakukana. Alitazama picha ukutani.

"Kaka yako aliapishwa udiwani akiwa na suti ile," alimwambia binti yake. "Wiki ya pili tukamtoa shimoni kule machimboni. Na nyinyi," alimgeukia Inspekta, "mliandika ajali."

Inspekta alilikumbuka faili lile. Waliandika ajali.

"Kabla ya uandikishaji Mheshimiwa alikuja. Akakaa hapo ulipokaa wewe, akanywa chai kwenye kikombe hichohicho. Hakunitisha. Aliniambia tu, 'Mama, mmoja umeshazika.' Basi. Akamaliza chai yake. Kesho yake nikatumwa kwa karani, akanieleza cha kufanya."

"Ungeniambia," Mkunga alisema.

"Ungejitoa?"

Mkunga alikikunja kile kitambaa.

"Ungejitoa wewe? Nakujua, nimekuzaa. Nikasema bora nyumba zivunjwe. Nyumba hujengwa tena."

"Za watu, mama! Nyumba za watu! Wale watoto nimewashika mimi kabla ya mama zao! Watalala wapi?" Kisha akauliza, polepole, "Na kwa nini ulikwenda kunipigia? Ulikuwa umeshamaliza kila kitu. Ulikwenda kufanya nini?"

Bibi alianza kulia, kilio kisicho na sauti, mabega tu.

"Nilikwenda ili nisionekane sikwenda. Nikapewa karatasi. Nikakuta picha yako, umecheka. Mkono ulikataa kwenda kwingine. Ningekunyimaje, mwanangu?"

Inspekta alitoa daftari lake. Mwishowe alisema, "Mama, haya ya Mheshimiwa utayarudia kituoni? Nitayaandika kama ulivyoyasema."

"Nikiyarudia, huyu atakufa. Andika kwamba ni mimi. Mimi peke yangu." Akanyoosha mikono yote miwili mbele, kama mtu anayeomba amwagiwe maji.

Na ndivyo ilivyoandikwa. Mkuu wa kituo alifurahi sana, kesi imeisha kabla ya Ijumaa. Fundi viatu aliombwa radhi na watu wawili. Karani alisema alifuata kanuni, na kanuni ilikuwa upande wake. Wakili wa tume aliwaeleza watu wa bondeni kwamba matokeo hayabatilishwi, kwa kuwa madole gumba ni yao na sauti ni zao. Uchaguzi ulipopingwa, waliweza kuzisikiliza tena mahakamani, moja baada ya nyingine, wakikubali kwa kishindo. Muuza mkaa alitoka nje ilipofika yake. Mkunga hakwenda kumwona mama yake rumande. Alimpelekea sabuni na kanga kupitia kwa Inspekta, bila salamu yoyote.

Tingatinga ziliingia bondeni kabla ya mvua. Ukuta wa mwisho kuanguka ulikuwa na herufi HATU, nyingine zilikuwa zimeshakwenda.

Mwaka uliofuata uandikishaji ulifunguliwa ng'ambo, walikokimbilia watu wa bondeni, na Inspekta alipangiwa kulinda mstari. Mashine ilikuwa ileile, na karani yuleyule, ameongezewa cheo. Watu walisogea bila mzaha. Mkunga hakuwemo. Alikuwa amekaa pembeni juu ya sanduku lake la kazi, mzima wa afya, hai, asiyetazama popote.

Ikafika zamu ya fundi viatu. Aliweka dole gumba.

"Umehamia?" karani aliuliza.

Mzee alimgeukia Inspekta, kana kwamba huenda yeye ana jibu jingine. Inspekta aliangalia viatu vyake.

"Ongea, mzee, mashine inasubiri."

"Ndiyo," alisema fundi viatu. Ilibidi arudie, kwa maana mashine haikumsikia. "Ndiyo. Nimehamia."