Kurumbiza wa Mfukoni

Stendi ya mabasi ilikuwa imefurika, na Fundi alikuwa akipenya katikati ya watu, furushi la vitambaa kifuani, kidevu juu. Mbele yake mwanamume mrefu amesimama katikati ya njia, uso kaupeleka darini, mdomo wazi. Wakagongana. Furushi likafunguka, hariri ikatapakaa sakafuni.

"Samahani, dada. Nilikuwa nawatazama mbayuwayu. Wanajikusanya wahame."

"Na wewe ungehama hapo njiani, kaka, tungepita."

Mwanamume akacheka, akapiga magoti kuokota. Kipande cha mwisho kilipokunjwa, basi la Fundi lilikuwa limeshaondoka, na wala hakulijutia.

Mwanamume huyo alikuwa mpima ardhi. Fundi alikuwa na cherehani mbili na chumba cha kushonea kilichotazama barabara. Damu zao zilipatana. Jioni hazikupita bila simu: yeye akimwita laazizi, Fundi akimwita Bwana Matawi na kumuuliza leo kamtazama ndege gani hata akasahau kula. Doa lilikuwa moja tu. Shangazi aliyemlea Mpima, ambaye pia alikiongoza kikundi cha watazama ndege, hakujua kama Fundi yupo duniani. Alishamchagulia mpwa wake mke, mhasibu wa kikundi hicho hicho. Kila Fundi alipoligusa jambo hilo, Mpima alimsihi asubiri kidogo. Kidogo hicho kilikuwa kirefu kama reli.

Vuli ikaingia, majani yakageuka rangi ya kutu. Mpima akasema Jumamosi kikundi kitatembea katika hifadhi ya wanyamapori, lakini ni wanachama tu. Fundi akamuuliza tangu lini bata wakadai kadi ya uanachama. Mpima akacheka, akageuza mazungumzo.

Jumamosi asubuhi Fundi aliamka na shauri moja: leo ama atambulishwe, ama waachane. La tatu hakuna. Akavaa gauni la rangi ya chungwa alilolishona mwenyewe, limembana kiunoni na kumwagika miguuni. Mlinzi wa lango la hifadhi alimwonya kwamba rangi hiyo itafukuza ndege. Akamjibu kwamba hakuja kwa ajili ya ndege.

Njia ilizunguka bwawa, laini kwa majani yaliyooza. Ng'ambo ya maji akawaona: watu waliovaa rangi za udongo, wakinyata, darubini vifuani. Shangazi alitangulia na kofia pana. Nyuma kabisa, Mpima. Fundi akatoa simu, akampigia.

Papo hapo ndege akaimba ng'ambo, mluzi mtamu uliopanda na kushuka. Kikundi kizima kikaganda. Shangazi akainua mkono.

"Kurumbiza!" Maji yaliileta sauti yake wazi. "Wenzake wote wameshahama. Jamani, kurumbiza wakati huu wa mwaka."

Walikumbatiana kimyakimya. Mmoja akachomoa kinasa sauti. Fundi akakata simu, ndege akanyamaza. Akapiga tena, ndege akaimba tena, na Mpima akaukandamiza mfuko wa koti kama mtu aliyeshikwa na tumbo. Sheria ya kikundi ilikuwa simu zote zizimwe. Yake aliisahau.

Fundi alicheka hata akashika mti. Kisha kicheko kikamkauka. Kumbe kila alipompigia akiwa mezani kwa shangazi, watu walitazama dirishani kutafuta ndege. Waliosema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, hawakumjua mwanamume huyu. Yeye alikohoa kwa sauti ya kurumbiza.

Mwingine angerudi kwao kulia. Fundi alilizunguka bwawa kwa hatua za mtu aendaye kudai haki yake.

"Binti, polepole," Shangazi alimnong'oneza. "Kuna ndege hapa."

"Shikamoo, mama. Namjua. Hata kumwita naweza."

Akabonyeza simu. Mfuko wa Mpima ukaimba. Aliyeshika kinasa sauti akakishusha taratibu. Shangazi akautazama mfuko, akalitazama gauni, akamtazama mpwa wake.

Fundi aliuona uongo ukipanda kooni mwa Mpima.

"Ukisema hiyo ni kengele ya kukuamsha," alimwambia kwa upole, "usinipigie tena maisha yako."

Mpima akaitoa simu, bado ikiimba. Akaipokea, ingawa walisimama ana kwa ana.

"Laazizi."

"Nipo."

"Nakuona. Na wao wanakuona." Akamgeukia Shangazi. "Hakuna kurumbiza. Kuna huyu, nami nampenda. Niliuweka mlio huo kwenye simu ili usijue ananipigia, nikakuacha ukamshangilia ndege asiyekuwepo. Kwa hilo nisamehe. Kwa kumpenda sikuombi radhi."

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Kwa simu, mama," Fundi aliuliza, "au kwangu?"

Shangazi aliiweka sawa kofia yake. "Kwa simu," alisema hatimaye. "Wewe bado sikujui."

"Basi nijue."

Shangazi aliguna, akasema gauni lile litafukuza kila chenye mabawa, akageuka na kuendelea na safari. Kikundi kikamfuata. Mhasibu, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza anamtaka nani, alimkonyeza Fundi alipopita.

Wakabaki wawili. Mpima akamshika mkono, macho yamemlowa. "Nikuoe? Leo nakuuliza."

"Hapa kichakani, watu wameshaondoka? Thubutu. Utakuja kwetu mchana kweupe, na shangazi yako ubavuni, ubishe mlango wa mbele. Uulize kwa sauti, majirani wasikie."

"Na ukinikataa?"

"Utakuwa umesikika."

Hakumwachia mkono. Akamvuta, si kuelekea langoni, bali kule kikundi kilikoelekea, na gauni lake likawaka katikati ya matete yaliyokauka.