Sikio la Kushoto

Kilichomtia Nabilah wasiwasi kilikuwa kitu kidogo, kitu ambacho mzazi wa mara ya kwanza asingekitilia maanani. Mtoto alilala upande mmoja tu. Ukimlaza chali, ukatoka kuanua nepi kwenye kamba, ukirudi unamkuta amelalia ubavu wa kulia, sikio la kushoto liko juu. Umgeuze, umwekee mto wa kumzuia, umgeukie dada yake Sumayiya umfunge kifungo cha gauni, ukitazama tena amesharudi vilevile. Na Nabilah alikwisha kumlea huyo wa kwanza, alijua fika kwamba mtoto ambaye kitovu chake hakijadondoka hawezi kujigeuza.

"Mama, njoo uone hii mtoto," alimwita mama mkwe wake. "Yeye nalala namna gani hii?"

Bi Kulusum alikuwa uani akichochea dukhan, ule moshi wa vijiti vyenye harufu nzuri ambao wanawake wa Kinubi humkalisha mzazi juu yake, amefunikwa blanketi gubigubi, mpaka mwili ukaze. Akaingia akipangusa macho, akamtazama mjukuu wake.

"Watoto ya siku hizi wanazaliwa na ujeuri yao," akasema, akacheka mwenyewe. Kisha akanusa, akanusa tena. Chini ya ule moshi mtamu chumba kilikuwa na harufu nyingine, ya manyoya ya kuku yakiungua, na siku hiyo hakuna aliyechinja kuku.

"Anasikiliza," Sumayiya alisema kutoka mlangoni.

Tangu mdogo wake aletwe nyumbani, Sumayiya alikuwa akisema na watu wakipita.

Baba yao, Abdul-Latif, alikuwa dereva wa lori la mizigo ya Juba. Uchungu ulimshika Nabilah wakati Latif yuko mpakani Elegu akingoja foleni ya magari isogee. Katika ukoo wao baba ndiye humwadhinia mtoto, adhana sikio la kulia, na iqama, ule mwito mfupi wa kusimamia swala, la kushoto, kabla mtoto hajasikia upuuzi wa dunia. Latif alikataa katakata kazi hiyo ifanywe na mwingine.

"Weka simu kwa sikio yake," alisema. "Sumayiya nilimwadhinia mimi. Na huyu pia ni wangu."

Basi Nabilah, hoi kitandani hospitalini, akaweka simu. Sauti ya mumewe ilikuja nyembamba, inakwaruza, ikafika hayya ala swala, katikati ya adhana, ikakatika. Kisha ikarudi, safi kabisa, kama mtu aliyeinama kando ya kitanda. "Mgeuze. Sasa hiyo ya kushoto." Akamgeuza. Maneno yakaendelea kwa sauti ya chini, marefu kuliko iqama yoyote aliyowahi kuisikia, na usingizi ukamchukua simu ikiwa bado sikioni mwa mtoto. Alipoamka simu ilikuwa imezima. Akailaumu betri, na nani asingeilaumu.

Alasiri ya siku ya sita Bi Kulusum alikuwa ameenda sokoni. Nabilah alikuwa bafuni nyuma ya nyumba, anajimwagia maji ya moto, aliposikia sauti ya Latif ndani. Furaha ilimjaa kifuani. Amerudi mapema! Akajifunga khanga haraka, akakimbia, akafunua pazia.

Latif hakuwepo. Mtoto alikuwa amelala, sikio la kushoto juu, na Sumayiya amepiga magoti kando ya kitanda, kidevu ukingoni. Simu ilikuwa dirishani, imezima, na umeme ulikatika tangu asubuhi.

"Nani alikuwa anaongea hapa?"

"Baba."

"Baba iko wapi?"

Sumayiya akanyoosha kidole kwenye sikio la mdogo wake. "Anamwambia yeye tu. Mimi nikiomba, anasema ningoje, zamu yangu itafika."

Nabilah akamnyakua mtoto akatoka naye nje peku, akamwacha Sumayiya humo humo ndani.

Kwa simu aliyoazima kwa fundi wa mageti hapo jirani akampata Latif, ambaye sasa alikuwa Gulu, njiani kurudi.

"Latif, siku ile ulimaliza?"

"Kumaliza nini?"

"Adhana. Na iqama."

"Nabilah, netiweki ilipotea kwa hayya ala swala. Iqama hata sikuanza. Nilipiga tena, simu yako imekufa. Nikavuka mpaka, huko netiweki hakuna, nikasema basi, Mama atatafuta shehe amalize. Kwani hakutafuta?"

Bi Kulusum aliporudi na kusikia hayo, kapu lilimponyoka, nyanya zikatawanyika uani.

"Mimi nilifikiri yeye alimaliza," akanong'ona. Akaketi pale pale chini. "Hiyo kitu iliingia katikati ya maneno. Ilitia jina yake kwa sikio ya mtoto. Siku ya saba, sisi tukimpa jina yetu, yenyewe itamwita na ile jina yake, na mtoto itaifuata."

"Itaifuata wapi, Mama?"

"Mama yangu alizika mtoto ya siku saba. Usiniulize wapi."

"Basi tuite shehe, saa hii!"

"Shehe wa nje, hiyo kitu itamcheka. Damu yake ndiyo inamaliza, kwa mdomo, sio kwa simu. Baba yake aje. Na mpaka yeye afike, mtu mwingine asiguse hiyo sikio."

Siku ya jina iliamka na mvua. Wanawake walikuwa uani chini ya turubai na masufuria ya pilau, wakipiga kelele kuishinda mvua iliyogonga mabati. Ndani Nabilah alimpakata mtoto, macho hayabanduki mlangoni, Sumayiya kando yake. Pazia likafunuliwa.

Latif. Kanzu nyeupe, lile tabasamu lake la upande.

"Nimefika. Nipe mtoto."

Sumayiya aliruka kwa furaha, akamkumbatia mguu. Nabilah naye machozi yakamtoka, mikono ikainuka yenyewe kumpa mtoto, na hapo ndipo alipoyaona mabega yake. Makavu. Mvua yote ile, na kanzu haikuwa na hata tone.

Simu ikalia pajani. Jina kwenye kioo lilikuwa la Latif. Akamshusha mtoto mapajani, akapokea.

"Nabilah! Niko Bwaise, maji imejaa barabara, nimeacha gari nakuja na mguu. Mningoje!"

Yule aliyesimama mbele yake aliendelea kutabasamu na kunyoosha mikono, na harufu ya manyoya yanayoungua ikajaa chumba kizima mpaka koo likamwasha, na mtoto, ambaye hata shingo haijamkaza, akageuka taratibu mapajani mwa mama yake, sikio la kushoto likatazama juu, likimngoja, na nje wanawake walikuwa wakicheka, na Nabilah alijua kwamba Bwaise ni mbali na hii mikono iko karibu. Damu yake ndiyo inamaliza. Kwani mimi si damu yake?

Akambana mtoto kifuani, akaweka mdomo kwenye sikio la kulia.

"Wewe ni mwanamke," ile sauti ya mumewe ilisema kwa upole. "Na damu ya uzazi haijakauka. Haitashika."

Nabilah akaanza adhana tangu mwanzo. Alipofika hayya ala swala yule akapiga hatua mbele, akainama, akaanza na yeye kunong'ona maneno marefu yasiyo na lugha, na Nabilah akapandisha sauti, akavuka pale palipokatika, akasonga, akamaliza. Akamgeuza mtoto. Sikio la kushoto lilikuwa la moto kama kifuniko cha sufuria. Akalimwagia iqama yote humo, midomo ikimuungua, macho ameyafumba.

Alipoyafumbua hapakuwa na mtu. Harufu ilikuwa imekatika. Mtoto alipiga chafya, akalia kilio cha kawaida cha njaa. Sumayiya alibaki sakafuni, amekumbatia hewa.

Bi Kulusum aliingia mbio, akasikia yote, akamshika mkwe wake usoni kwa mikono yote miwili akalia. Latif akafika amelowa chapachapa, matope mpaka magotini. Akamwadhinia mwanawe upya, wakamwita Abubaker, jina la babu yake, na vigelegele vikapasuka. Wakamlaza chali. Wakamtazama wote, wamemzunguka. Akalala chali, mikono juu, hakugeuka. Nabilah alicheka mpaka akaishiwa nguvu.

Pilau ilipopakuliwa ndipo Latif alipokumbuka.

"Sumayiya yuko wapi? Hajala huyu."

Akachukua sahani, akaenda nayo nyuma ya pazia, kwenye godoro la mtoto mkubwa, Nabilah akimfuata. Sumayiya alikuwa amelalia ubavu wa kulia. Sikio la kushoto lilikuwa juu. Alikuwa akitabasamu, na mara moja moja akiitikia kwa kichwa.

"Sumayiya," Latif akaita. "Njoo kwa baba."

"Ngoja," mtoto akasema, bila kufumbua macho. "Baba hajamaliza."